Neno limo lakini halitoki: kumsaidia mwanafunzi anayekwama kutaja majina ya vitu

Mtoto anaonyeshwa mwiko. Anautazama, anafungua mdomo, kisha: "Nanii… ule… wa kusongea sima." Kitu anakijua, kazi yake anaijua, na pengine jana usiku alimwona mamake akiutumia. Jina ndilo halitoki.

Darasani mambo haya huishia kwa njia mbili. Mwalimu humtajia jina na kuendelea na somo, au humfundisha neno hilo upya kana kwamba hajawahi kulisikia. Njia ya kwanza haimsaidii kesho. Ya pili hupoteza muda wa wote wawili, kwa kuwa mtoto hakukosa neno, alikosa njia ya kulifikia. Kwa hiyo kabla ya kuanza zoezi lolote, tafuta jibu la swali moja: neno limo au halimo?

Kipimo cha kuanzia

Kusanya vitu au picha 20 ambazo mtoto huyu, nyumbani kwao, huziona kila siku. Kwa mtoto wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, unaweza kuweka mkeka, kikapu, kamba, nanga, tanga, kasia, kifumbu, kinu. Wa Malindi mjini asiyekwenda baharini hatahukumiwa kwa jina la kasia. Mpe sufuria, ufagio, ndoo, kofuli, pasi, mkasi. Kitu halisi ni bora kuliko picha. Epuka picha ya mbuzi ya kukunia nazi, maana ukisikia "mbuzi" hutajua kama ametaja kifaa au amejisaidia na mnyama, na rangi pia ziache, kwani majina yake mengine ni marefu na watu wazima wenyewe hawakubaliani.

Fanya asubuhi, mtoto akiwa ameshakula na hajachoka. Baada ya chuo (madrasa) cha jioni hata mtoto mzima hukwama.

Mwonyeshe kimoja kimoja, umwulize jina lake. Hesabu moyoni hadi nne. Akitaja kabla ya nne, weka alama ya vema. Akitaja baada ya hapo, andika "polepole". Akitaja kingine au akinyamaza, andika neno lile lile alilosema, hata kama ni "nanii" tu, kisha endelea bila kumsahihisha.

Ukimaliza, rudi kwenye vile alivyokosa tu. Kwa kila kimoja weka mbele yake vitu vinne: chenyewe, jirani yake wa maana (kijiko na uma), kimoja ambacho jina lake linafanana kwa sauti, na kimoja kisichohusika kabisa. Sema jina, yeye aonyeshe kwa kidole. Kwa vitu vinne mtu anaweza kubahatisha mara moja katika nne, kwa hiyo vichanganye, umwulize mara ya pili.

Akionyesha sawasawa karibu vyote alivyoshindwa kuvitaja, maneno yamo na shida ni kuyatoa. Akikosa kuonyesha vingi, maneno hayamo: huyo anahitaji kufundishwa msamiati, na pengine kupimwa masikio kwanza. Watoto wengi wana kidogo cha hili na kidogo cha lile, basi gawa orodha yako mafungu mawili, usimgawe mtoto.

Dalili: anakwama, anazungukazunguka, akipewa mwanzo wa neno analitoa

Hii ndiyo sura ya kawaida. "Nanii", "kidude", "kile chenyewe", maelezo marefu ya kazi ya kitu, mikono ikionyesha. Maana iko sawa. Sauti za neno ndizo hazijishikizi vizuri.

Kiswahili kinatupa ushahidi mzuri hapa, nao ni ngeli. Sikiliza anachosema kabla ya jina kutoka. Akitafuta "ufagio" anasema "ule wa kufagilia", akitafuta "jembe" anasema "lile la kulimia". Mtoto asiyelijua neno hawezi kujua ngeli yake, kwa hiyo neno limo, tena ameshalishika mkia. Lakini "kile" pekee usikitegemee, kwa kuwa kila kitu ni "kitu" na kila kidude ni "kidude". Chagua majina ya U, ya LI na ya M kwa kazi hii. Na mtoto ambaye kwao hakuzungumzwi Kiswahili, anayesema "ile" kwa kila kitu, kipimo hiki hakimhusu.

Kidokezo cha sauti nacho kina mtego wake. Walimu wengi hutoa silabi ya kwanza: "ki…" Mtoto anabaki anakodoa macho, mwalimu anaamua kwamba hajui. Nusu ya jikoni inaanza na "ki". Silabi hiyo ni ya ngeli, si ya neno. Toa silabi mbili: "kifu…" kwa kifumbu, "kika…" kwa kikapu. Kwa majina yasiyo na kiambishi, kama sufuria, nanga au pasi, silabi moja yatosha. Neno fupi kama kisu halina cha kudokeza bila kulitaja lote. Hapo tumia sentensi iliyokatwa: "Nyama hukatwa kwa…"

Fuata mpangilio huu anapokwama, ukisimama kila hatua:

1. Nyamaza kwa sekunde kama kumi. Mtazame kwa upole, usimtolee macho. Wengi hushindwa hapa, si watoto, ni sisi.
2. Mwulize kuhusu kitu chenyewe: kinakaa wapi, kinafanya kazi gani, kinafuatana na nini.
3. Mkatie sentensi aimalize.
4. Mpe silabi, kwa kanuni iliyotajwa juu.
5. Mpe mawili achague: "Ni kinu au ni mchi?"
6. Mwambie. Kisha alitaje mwenyewe na alitie katika sentensi yake. Bila hatua hii ya mwisho, zile tano ni bure.

Andika alifikia hatua ya ngapi. Mtoto aliyehitaji hatua ya tano wiki iliyopita na leo akasaidika kwa ya pili anaendelea vizuri, hata kama kwa mgeni anaonekana bado anakwama.

Namna ya kulifungia neno ili litoke

Chukua maneno 6 kwa wiki, si zaidi. Vikao vitatu vya dakika 15 vinatosha, na ni bora kuliko saa nzima ya Ijumaa. Yachague katika somo la wiki ijayo, kwa sababu mazoezi ya neno moja husaidia zaidi neno hilo hilo. Usitarajie kwamba mtoto aliyefanyishwa "mlingoti" ataanza kupata "kipimajoto" kwa urahisi.

Kila neno lipite hatua tatu. Kwanza likatwe silabi kwa kupiga kofi: su-fu-ri-a, makofi manne, kofi la silabi ya pili kutoka mwisho likipigwa kwa nguvu, maana ndipo mkazo wa Kiswahili ulipo. Pili, litafutiwe ndoano, yaani neno jingine analolitoa bila shida, linaloanza kwa sauti hizo hizo. Kwa "kasia" ndoano nzuri ni "kasa", yule kobe wa baharini. Mtoto achore kasa ameshika kasia. Picha iwe ya kuchekesha, na achore yeye, si wewe. Tatu, alitaje peke yake mara tano, kisha katika sentensi tano tofauti.

Siku ya pili inakuwa hivi:

– Mwalimu, yule ameshika nanii… lile la kuendeshea dau.
– Ehe. Usukani?
– La, si usukani. Lile la kuvutia maji.
– Ulichora mnyama gani?
– Kasa. Ka… kasia!
– Kasia. Anafanyaje nalo?
– Anashika kasia, anavuta maji nyuma.

Angalia mambo mawili. Alipopewa jina lisilo lake alilikataa papo hapo, na tangu mwanzo alisema "lile". Na mwalimu hakumpa silabi, alimrudisha kwenye ndoano yake mwenyewe. Lengo ni mtoto aikumbuke ndoano bila kuulizwa.

Dalili: anataja jirani

Anasema "uma" kwa kijiko, "mtumbwi" kwa ngalawa, "kanga" kwa leso ya kichwa. Hapa angalia kama anajisahihisha. Akisema "mtumbwi, siyo, nanii", tatizo ni lile lile la juu. Akisema "mtumbwi" na kutulia, basi maana zenyewe hazijaachana: kichwani mwake viko katika kapu moja la "vyombo vya baharini".

Silabi na makofi hazitamsaidia. Anahitaji tofauti. Weka picha mbili tu kwa wakati mmoja na umwulize maswali yale yale kwa kila moja: Kimechongwa katika gogo moja au kimeundwa kwa mbao? Kina mikono ya mbao pembeni ya kukizuia kisipinduke? Kina tanga? Kinabeba nini? Kwa ngalawa jibu la mikono ni ndiyo, kwa mtumbwi ni la. Jahazi lije baadaye, wakati hizo mbili zimeshaachana. Kosa linalojirudia ni kumletea mtoto chati ya vyombo vinane kwa siku moja. Anatoka na vinane vilivyochanganyika badala ya viwili.

Kwenye pwani hii kazi hii haihitaji darasa. Mtoto akipelekwa gatini, au sokoni penye samaki, na mtu mwenye subira akamwuliza kwa nini huyu ni changu na yule ni tasi, amepata kikao kizima.

Dalili: kila kitendo ni "kufanya"

Majina ya vitu anayo, vitenzi hana: "anafanya nazi", "anafanya mchele", "anafanya hivi". Vitenzi hufunzwa kwa kutenda, si kwa picha. Mpe nazi na mbuzi yake, ungo na mchele, nywele za kusuka, na aseme wakati mkono unakwenda: nakuna, napepeta, nasuka. Kisha aseme alichofanya, baadaye atakachofanya.

Dalili: neno linatoka limepindwa

Anasema neno lenye umbo karibu na lile, silabi zimepishana au imekosekana moja. Likiwa refu, hali huwa mbaya zaidi. Hapa maana iko sawa na ngeli iko sawa. Ramani ya sauti ndiyo ina matundu. Makofi, polepole, na kuliandika neno kwa silabi zilizoachwa nafasi. Usimwambie "sema vizuri". Mwambie ni silabi ipi: "Ya pili ni fu."

Lakini chunguza masikio kwanza. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara humfanya mtoto asikie neno nusu, alihifadhi nusu, na alitoe nusu. Mahali patulivu, mbali na dirisha la njia wanayopita punda, simama nyuma yake umbali wa mkono (kama sentimita 60), mwambie azibe sikio moja, kisha nong'ona maneno matatu mafupi ayarudie. Akikosa, nong'ona matatu mengine. Asipopata angalau matatu kati ya yote sita, katika sikio lolote, apelekwe hospitali aangaliwe. Na usaha ukiwepo, apelekwe hata kama amepata yote.

Dalili: anasoma sura nzima kwa moyo, lakini hawezi kutaja kitu

Hii ndiyo huwakasirisha wazazi. "Juzuu Amma anaisoma bila kukosea, sasa mtaniambia hana akili ya kukumbuka jina la ufagio? Huyu ana ukaidi." Hana ukaidi. Kilichohifadhiwa kwa mfuatano hutoka kwa mfuatano: kila neno huvuta la pili yake. Kutaja kitu ghafla hakuna wa kukuvuta. Utaona jambo hilo hilo kwenye siku za wiki. Mwulize leo ni siku gani, ataanza "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu…" mpaka afike.

Mwachie mnyororo wake, kisha ufupishe. Leo aanze Jumamosi, wiki ijayo aanze siku moja kabla, mwisho ataje moja kwa moja. Wimbo na shairi ni vizuri kwa kuingiza maneno, ila lazima kila neno lichomolewe kutoka kwenye wimbo na kutumiwa kwingine, la sivyo litabaki humo.

Dalili: picha anataja zote, hadithi ina matundu

Kwa picha moja moja huwezi kumjua mtoto huyu. Mwambie akusimulie alivyokuja shule, dakika mbili, na umrekodi kwa simu. Hesabu "nanii", sentensi zilizoachwa njiani, na "huyo, yule, hapo" zisizo na mwenyewe. Msaidie kwa kumpa karatasi yenye maneno matano atakayoyahitaji kabla hajaanza kusimulia. Akimaliza, igeuze karatasi, asimulie tena.

Vitendawili hufaa, kwa sharti. Vile vya wazee ni vya mafumbo, na mtoto huyu hahitaji fumbo juu ya shida. Tega vya maelezo wazi: "Natoka kwenye nazi, napitishwa kwenye kifumbu, naingia kwenye mchuzi." Kisha mgeuzie, atege yeye, kwani anayetega hulazimika kulishika neno tangu mwanzo. Desturi ya kutoa mji ni nzuri mno hapa, maana aliyeshindwa ana mlango wa kutokea bila kuaibika. Ila asipewe mji kabla ya vidokezo viwili, atazoea kukimbilia Mombasa kila mara.

Dalili zinazofanana na hii lakini siyo hii

Anasema "mato", "ndia", "moya". Hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, si ugonjwa. Wala "zile" kwa vijiko isihesabiwe kosa la ngeli. Na akisema "ndoo" huku akikupungia mkono, anakuita, hatafuti ndoo ya maji.

Anakwama kwa Kiingereza peke yake. Tangu Gredi ya 4 masomo huwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka nyumba ya Kiamu, Kibajuni au Kigiriama anaweza kuonekana hana maneno. Rudia kipimo kwa lugha ya kwao, ukimtumia jamaa anayeizungumza vizuri. Shida ya kweli huonekana katika kila lugha ya mtoto. Ikionekana moja tu, anahitaji muda na lugha hiyo.

Kigugumizi. Mwenye kigugumizi ameshalipata neno, hulirudiarudia mwanzo: "k-k-kikapu", na uso hukaza. Mpe kalamu, ataliandika. Wetu mara nyingi hataweza hata kuliandika, lakini ukimtajia atalirudia bila taabu.

Anazungumza nyumbani kama kasuku, darasani kimya kabisa, hata "ndiyo" hasemi. Hiyo ni hofu, na mazoezi ya majina yataizidisha.

Anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda kwa sekunde kadhaa, haitiki akiitwa, kisha anaendelea kana kwamba hakikutokea kitu. Inaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha. Hospitali.

Alikuwa akizungumza vizuri, akapoteza maneno baada ya kuanguka, degedege au homa kali. Hospitali siku hiyo hiyo. Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika malaria kali hubaki na matatizo ya lugha, kwa hiyo mwulize mzazi kama mtoto aliwahi kulazwa kwa malaria iliyompanda kichwani, hata kama ni miaka iliyopita.

Na kimio kisiguswe. Kukikata hakuna uhusiano wowote na maneno kutotoka, na kuna damu na maambukizo.

Darasani wakati mazoezi yakiendelea

Usimwite ghafla. Mwambie mapema: "Nikifika swali la tatu nitakuuliza wewe." Maswali yake yawe ya kuchagua au ya kuonyesha, ukitaka kujua kama ameelewa somo, ya kujieleza yaje ukitaka kumfanyisha mazoezi ya kujieleza. Usichanganye mawili hayo katika alama moja. Ndiyo maana mtoto huyu huweza kupata alama nzuri katika karatasi ya kuchagua jibu na kuonekana hajui kitu akisimamishwa.

Akisoma kwa sauti na kukosea maneno anayoyajua, mpe kifungu hicho asome kimya, kisha umwulize aonyeshe jibu kwa kidole. Mara nyingi utakuta amekielewa. Lakini akiwa mzito wa kutaja majina na pia mzito wa kutambua herufi, hilo liandikwe kando, kwa kuwa hali hizo mbili hupenda kufuatana na shida ya kusoma.

Wanafunzi wenzake wakatazwe kumtajia. Wanaona wanamsaidia.

Baada ya wiki sita

Fungua daftari. Maneno 36 yamepita. Yale ya wiki mbili za kwanza yakiwa bado yanahitaji hatua ya tano au ya sita, usiongeze mazoezi, mpeleke akapimwe. Anzia kituo cha EARC cha kaunti, ambacho kazi yake ni kupima watoto wenye mahitaji maalumu na kuelekeza pa kwenda. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo safari ya kutoka kisiwani iwe na mzigo wake kamili: orodha ya vitu 20 pamoja na maneno aliyoyataja kimakosa, daftari la hatua, ile rekodi ya dakika mbili, lugha zinazozungumzwa nyumbani na nani anazungumza ipi, na historia ya masikio, degedege na kulazwa. Omba ripoti kwa maandishi, nakala mbili, moja ya mzazi na moja ya mwalimu wa darasa.